Maman Arbitre wa Mashindano ya Sahani Moja

Sisi sote tulimwita Maman Arbitre. Ana jina la ubatizo na jina la ukoo, lakini katika ukumbi wetu hakuna aliyeyatumia, na mimi pia nitayaacha. Arbitre ni mwamuzi, yule anayesimama kati ya watu wanaopigana mieleka na kuhesabu mpaka tatu mabega ya mtu yakigusa chini. Maman ni kwa sababu ana umri wa mama zetu, na kwa sababu alitukemea sote kama watoto aliowazaa mwenyewe, hata wale wenye shingo nene kuliko kiuno changu.

Aliingia ulingoni na shati la mistari myeusi na myeupe, viatu vya michezo, na kikwembe, yaani kitenge, kimefungwa kiunoni. Kikwembe hakukiacha hata siku moja. Mtu mmoja alimshauri avae suruali ili aweze kukimbia. Akajibu:

"Mi nakuyaka hapa kuhesabu batu. Sikuye kukimbia."

Klabu yetu iko Berchem-Sainte-Agathe, hapa Brussels, katika ukumbi wa parokia nyuma ya majengo ya ghorofa. Jumapili baada ya misa tunaondoa meza, tunapanga mbao na magodoro, tunafunga kamba, na pale watu walipokuwa wakinywa kahawa panakuwa ulingo. Wakongomani wenzangu wanauita mchezo huu catch. Tunavaa barakoa, kila mtu na jina lake la ulingoni. Wengine wetu ni wazuri, wengine ni wabaya. Mzuri anafuata sheria na kuwapungia watoto mkono. Mbaya anavuta barakoa ya mwenzake, anawatukana watazamaji, anapiga mtu mgongoni mwamuzi akigeuka. Kila mtu ukumbini anajua kwamba tumepanga, na kila mtu anakasirika vilevile.

Mimi ni mzuri. Ulingoni naitwa Radi. Nje ya ulingo ni msichana anayeona haya hata kumwambia mtu kwenye tramu kwamba amekanyaga mguu wangu. Nilipojiunga, Maman Arbitre aliniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani, akauliza jina, nikajibu kwa sauti ya chini sana. Akasema, "Bon. Huyu tutamupa jina ya kitu yenye makelele."

Hakuwa na mpango wa kuwa mwamuzi. Hadithi hiyo wazee wa klabu wanaisimulia kila mwaka, na kila mwaka inaongezeka kidogo, kwa hiyo nitaandika ile sehemu ambayo wote wanakubaliana. Wakati ule aliyefundisha klabu alikuwa Mmeksiko mmoja, mcheza mieleka wa zamani aliyekuja Brussels kwa sababu ya mke. Maman alikuja ukumbini kwa mazoezi ya kwaya. Akafungua mlango, akakuta wanaume wawili wenye barakoa wanaviringishana juu ya magodoro, tena chini ya picha ya Bikira Maria. Hakuuliza. Alivua viatu, akapita chini ya kamba, akamshika mmoja kwa sikio juu ya barakoa, akamwinua.

"Mu sale ya parokia? Mu sale ya parokia munapigana? Mama yako anajua?"

Watu waliokuwa wakitazama walipiga makofi mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye mapazia. Yule mwanamume, ambaye alikuwa mbaya kuliko wabaya wote, aliomba msamaha kweli. Mmeksiko alimfuata Maman hadi nje na kumwambia kwa Kifaransa chake kilichovunjika kwamba amemtafuta mtu kama yeye miaka mingi, na kwamba aje Jumapili inayofuata.

Alikuja. Tatizo lilianza alipoelezwa kazi yenyewe. Mwamuzi wa mieleka hii lazima asione. Mbaya anapodanganya, mwamuzi awe amegeuka, awe anafunga kamba ya kiatu, awe anabishana na mtu mwingine. Maman alikataa. Yeye alikuwa mtu ambaye hakukubali uongo wowote, hata ule mdogo wa simu. Ukimwambia "niko njiani" na bado uko kitandani, alijua, akakuambia: "Njia gani iko na blangeti?" Sasa aambiwe atazame pembeni wakati mtu anatobolewa macho?

Alikwenda kumwuliza padri. Sijui padri alimwambia nini, lakini alirudi na amani, na maelezo yake kuhusu uongo, ambao kwao huitwa bongo, aliyatumia tangu siku hiyo: "Bongo ni kusema. Mi sisemake kitu. Mi naangaliaka tu fasi ingine."

Na hivyo akawa mwamuzi asiyeona kuliko wote. Alikuwa na njia nyingi. Aliweza kusimama ghafla katikati ya vurugu na kumwamkia mama fulani wa safu ya pili, amwulize habari za mtoto. Aliweza kupiga chafya. Siku moja, wakati mbaya anamnyonga mzuri kwa taulo, alipiga magoti akasali mpaka mwisho, akafanya ishara ya msalaba, akainuka, taulo tayari imefichwa. Ukumbi mzima ulikuwa unamlilia: "Maman, nyuma! Nyuma yako!" Yeye anaweka mkono sikioni: "Eh? Nini?"

Lakini nje ya kamba hakuna aliloliacha lipite. Kazi yake ya wiki ilikuwa kutunza wazee katika nyumba moja kule Auderghem, karibu na msitu. Alizoea kusoma miili ya watu wasioweza kujieleza. Sisi tukiingia ukumbini alisimama mlangoni, akatunusa mdomo mmoja mmoja. Bia, hata glasi moja ya jana, unarudi nyumbani. Alitazama jinsi unavyopanda ngazi. Mwenzetu mmoja alificha kidole cha mguu kilichovimba. Maman alimwona kutoka upande wa pili wa ukumbi.

"Weye, toka."

"Maman, ni kidole tu."

"Kidole ni ya nani? Si ni ya yako? Bon, enda nayo ku nyumba."

Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, na aliipenda kuliko sheria zote za mieleka: mgonjwa haingii ulingoni. Hakuna kujadili. "Hapa hatupiganake," alisema. "Hapa tunachunganaka." Na ndivyo ilivyokuwa. Watazamaji wanafikiri mwamuzi yupo kwa ajili ya kuhesabu. Kazi yake hasa ni nyingine. Ukianguka vibaya, anapiga magoti karibu nawe kana kwamba anaangalia mabega, anakushika mkono, anaubana. Ukibana nawe, uko salama. Usipobana, anasimamisha kila kitu. Anapita pia na maneno kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine: mwambie asubiri, mwambie goti la kulia linauma. Na mtu aliyepanda juu ya kamba hawezi kuruka mpaka mwamuzi amtazame, maana yake yule wa chini yuko tayari kupokea. Tuliweka shingo zetu machoni mwa Maman Arbitre.

Sasa niseme habari ya mashindano.

Kila mwaka, mara moja, Mmeksiko alitaka tufanye kama wanavyofanya kwao. Katika mashindano hayo wazuri hawapigani na wabaya. Wanaunganishwa. Mzuri mmoja na mbaya mmoja wanakuwa timu, kwa bahati nasibu ya majina yanayotolewa kwenye chungu, hata kama wamechukiana mwaka mzima. Wapigane na timu nyingine ya namna hiyo. Utamu wote ni kuona kama watasaidiana au watageukiana. Mmeksiko alipomweleza Maman mara ya kwanza, alifikiri kidogo, akasema, "Ah. Ndoa."

Yeye ndiye aliyeongeza sahani. Mmeksiko alirudi kwao, lakini sahani ilibaki na imekuwa sheria. Kabla ya pambano la kwanza, kila timu inakaa katikati ya ulingo, mzuri na mbaya, wanakula sahani moja ya fufu na sombe kwa mikono mbele ya watu wote. Fufu ni ugali, sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, na aliyeyapika alikuwa Maman mwenyewe, tangu alfajiri, akiwa amefunga. Siku ya mashindano hakuonja hata maji mpaka bingwa apatikane. Watazamaji wanacheka kuona mbaya anajaribu kunyang'anya kipande cha samaki, mzuri anamsogezea. Sisi tunaokula tunajua kitu kingine: ni vigumu sana kumwangusha vibaya mtu ambaye vidole vyako vimegusana na vyake ndani ya sombe.

Mwaka jana chungu cha majina kilinipa Contrôleur.

Contrôleur ni mbaya anayechukiwa kuliko wote. Anaingia amevaa koti kama la wale wanaokagua tiketi kwenye tramu, anapita kati ya watazamaji akiwadai tiketi, na kila mtu Brussels ana sababu yake ya kumzomea. Ni Mtanzania kutoka Mwanza. Bila barakoa ni mtu mwenye adabu kuliko sisi wote. Humwamkia kila mtu mzima shikamoo, na Maman, ambaye kwao Lubumbashi hawana salamu hiyo, alijibu siku zote "Amen." Umaarufu wa Contrôleur ni mruko wake. Anapanda juu kabisa ya kamba, ananyoosha mikono, anaruka kama mtu aliyesukumwa kutoka dirishani, anamwangukia mpinzani. Watoto wake wawili hukaa safu ya mbele kwa ajili ya mruko huo tu.

Tulikaa na sahani yetu. Alichukua tonge, akachovya, akatia mdomoni. Niliona macho yake yakisimama ndani ya barakoa. Nami nikala.

Sombe ilikuwa tamu. Sukari, sukari nyingi, na samaki ndani yake.

Kama tungekuwa watu wa kawaida, mtu angesema. Lakini sisi ni wacheza mieleka. Tumefundishwa miaka kwamba ukiwa ulingoni huachi kuigiza, hata uvunjike jino. Nilitazama timu nyingine. Wote walikuwa wanatafuna polepole. Wazuri walitabasamu. Mbaya mmoja tunayemwita Mlafi, ambaye kazi yake ulingoni ni kula kila kitu, alilazimika kuomba aongezewe. Maman alimpa kijiko kikubwa kwa furaha.

"Iko bien?"

"Iko bien sana, Maman," akasema Mlafi, na chozi likamtoka.

"Aisee," Contrôleur alininong'oneza, "huyu mama ana-joke leo, au?"

Hilo ndilo tulilofikiri sote. Na si siku hiyo tu. Miezi kadhaa kabla yake Maman alikuwa amezidi kuchekesha. Alisalimiana kwa mkono na nguzo ya ulingo. Alihesabu mpaka mbili juu ya taulo iliyoanguka. Alimkemea mzuri kwa makosa ya mbaya aliyesimama upande mwingine. Ukumbi ulivunjika mbavu, nasi nyuma ya pazia tulisema: Maman sasa amekuwa msanii kamili. Kazi yake ilikuwa kutoona, kwa hiyo kadiri alivyokosa kuona ndivyo tulivyompigia makofi.

Pambano la kwanza tulishinda, tukaingia fainali. Maman alikuja kuinua mikono ya washindi. Akashika mkono wangu, na kwa upande wa pili akashika mkono wa Mlafi, ambaye hakuwa hata kwenye pambano hilo, alikuwa amepita tu kuchukua maji. Akaiinua. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa karibu naye sana, taa ikimpiga usoni, na niliona katikati ya macho yake kitu cheupe kama maji ya mchele. Bibi yangu kule Uvira alikuwa na macho hayo. Naye alianza kwa kukosea chumvi na sukari.

Niliingia jikoni wakati wa mapumziko. Alikuwa anaosha sahani kwa kupapasa.

Nilisimama pale muda mrefu kama ilivyo kawaida yangu. Akasema bila kugeuka, "Nani?"

Kama angekuwa Maman wa zamani, angejua kwa pumzi tu.

"Ni Radi. Maman, hauone."

"Nyamaza."

"Sombe ilikuwa na sukari."

Aligeuka. "Sukari?"

"Sukari, Maman. Yote."

"Na muliikula?"

"Tuliikula."

"Hata Mlafi?"

"Aliongeza."

Akaanza kucheka. Alicheka akaegemea sinki, akajifuta macho kwa kona ya kikwembe, na mahali fulani katikati ya kicheko machozi yakawa ya kweli. Akaniambia kwamba anaona rangi. Anaona kitu cheupe na kitu cheusi. Nyuso ziliondoka tangu mvua zilipoanza. Daktari alikuwa amemwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba dawa yake ni kupasuliwa. Alikuwa ameahirisha.

"Kisu mu jicho, ma fille. Mu jicho! Na kama haione tena? Donc nitakuwa nani? Maman gani? Acha nimalize leo. Leo tu. Kama batu banajua, njo mwisho."

Contrôleur alikuwa mlangoni. Alikuja kutafuta maji ya kuondoa utamu mdomoni, akasikia yote. Alivua barakoa kwanza, ndipo akasema.

"Mama, samahani. Wale wazee wako kule kazini, wakiambiwa operesheni ya macho, unawaambiaje?"

Maman akageukia sinki.

"Si unawaambia ni kitu kidogo? Ulitusimulia mwenyewe. Unawashika mkono mpaka mlango wa theatre."

"Wale beko bazee," akasema Maman, na yeye mwenyewe akasikia alivyosema, akaanza kucheka tena.

 Nilitaka aendelee, kwa sababu hakuna mashindano bila yeye. Na nilijua pia kwamba Contrôleur angepanda kamba zile, angemtazama Maman, na Maman angetazama rangi. Mtu angeweza kuvunjika shingo. Nilisema hivyo. Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema kwamba kama kidole cha mguu kinarudishwa nyumbani, macho je?

Aliweka sahani chini. Kisha akasema, "Njo sheria yangu, eh?"

"Ni yako, Maman."

"Bon." Akakausha mikono. "Fainali, nitafanya. Kisha nitajitosha mu ring mie mwenyewe. Lakini munisaidie."

Tulikubaliana haraka, watu wakiwa tayari wanapiga miguu chini. Hakuna mtu atakayeruka. Contrôleur alikwenda kuwaambia wapinzani wetu, Mlafi na mzuri wake. Na sisi wawili tungekuwa macho yake.

Nimeshiriki mapambano mengi, lakini sijacheka ndani ya barakoa kama siku ile. Contrôleur, mtu ambaye kazi yake ni kumdanganya mwamuzi, alilazimika kumweleza kila kitu kabla ya kukifanya. Anamwinamia sikioni: "Mama, sasa namvuta barakoa, niko kushoto kwako, geukia kulia." Maman anageukia kulia kwa fahari, anaanza kumkemea mtu wa safu ya tatu. Contrôleur anavuta. Anarudi: "Nimemaliza, mama, unaweza kugeuka." Watazamaji waliona mbaya anamnong'oneza mwamuzi kila dakika, wakaamini anamhonga.

"Corruption!" wakapiga kelele. "Arbitre amekula kitu! Contrôleur, mwizi!"

"Banasema nini?" Maman akaniuliza.

"Banasema unakula rushwa."

"Ah, bien," akasema, akapendezwa.

Kazi yangu ilikuwa sauti. Ili ajue mabega ya nani yako chini na wapi, ilibidi nimwite. Mimi, ambaye kwenye tramu sisemi, niligonga godoro kwa kiganja na kuita, "Hapa, Maman! Mlafi yuko chini! Huku!" Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya paka. Mara ya tatu, mama yangu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, aliinuka kuangalia ni nani huyo anayepiga kelele kwa sauti ya marehemu shangazi yake.

Kisha Contrôleur akapanda kamba.

Sijui kwa nini. Nadhani miguu ilimpeleka yenyewe, kwa sababu Mlafi alikuwa amelala chali pale hasa ambapo huwa analala, na ukumbi wote ulikuwa umesimama. Watoto wake walikuwa wamepanda juu ya viti. Alifika juu, akanyoosha mikono. Akamtazama Maman. Maman alikuwa anatazama, kwa uso wenye matumaini kabisa, ndoo ya maji.

Contrôleur alishusha mikono. Akaweka mguu mmoja kwenye kamba ya chini, akapapasa, akaweka mwingine, akashuka kama mzee anayeshuka kwenye basi.

"Huko juu kuna baridi," akawatangazia watu.

Kuzomewa kule sijapata kusikia. Mlafi hakungoja. Aliinuka, akamkumbatia Contrôleur kwa nyuma, akamlaza, akamkalia. Mimi mwenyewe nilipiga godoro na kumwita Maman aje aone tunavyoshindwa. Akahesabu mpaka tatu, vizuri, polepole, kila namba kwa mkono wote. Contrôleur alikuwa chini anatabasamu. Jioni watoto wake walikataa kuzungumza naye mpaka alipowaeleza.

Maman aliomba kipaza sauti.

"Bandugu. Munajua sheria yangu. Mugonjwa haingiake mu ring. Leo kuko mugonjwa moja alingia. Ni mie. Siko naona. Sombe ilikuwa na sukari."

Watu walicheka. Walipiga makofi, wakapiga filimbi, wakafikiri ni sehemu ya mchezo. Alirudia, wakacheka zaidi. Ndipo akavua lile shati la mistari, akabaki na blauzi yake ya kanisani, akalikunja akalishika kifuani, na ukumbi ukaanza kunyamaza safu kwa safu. Mlafi ndiye aliyempa mkono kushuka. Mama mmoja wa kwaya akaanza wimbo. Halafu, kwa sababu Maman alikuwa bado hajala kitu tangu alfajiri, watu wa Lubumbashi na watu wa Kivu walianza kubishana ni nani atampeleka nyumbani kwake kula, mpaka yeye mwenyewe akawaamua.

Alipasuliwa jicho moja, kisha la pili. Contrôleur alimpeleka mara zote mbili na gari lake la kusambaza vifurushi, akamshika mkono mpaka mlangoni.

Mashindano ya mwaka huu yalifanyika juzi. Nilikuwa nje nafunga viatu, bila barakoa, alipokuja kutoka kituo cha basi, mara yake ya kwanza klabuni tangu apasuliwe. Hakuwa na miwani. Alitembea anasoma kila kitu kwa sauti, majina ya barabara, matangazo ya mlangoni, bei za saluni ya jirani. Akasimama mbele yangu, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga kama anayechagua nyanya.

"Weye njo Radi?"

"Ni mimi, Maman."

"Kumbe umekomaa hivi. Na iko mutu alikuambia hii nywele inakufaa? Alikudanganya."

Nilimwuliza kama leo anarudi ulingoni. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, tumelitundika jikoni likimngoja. Daktari alikuwa amemruhusu, hilo tulijua. Alitazama mlango wa ukumbi, watu wakiingia na watoto wao na masufuria.

"Mwaka kesho," akasema. "Unajua mi sijaangaliaka hii mashindano hata siku moja? Kila mwaka niko mu kati, nageuza kichwa. Leo kwanza niangalie."

Mwamuzi akawa kijana mmoja wa kwaya, mrefu, mwenye wasiwasi. Chungu kiliniunganisha na Mlafi, na katika pambano la pili tukakutana na Contrôleur. Maman alikaa safu ya mbele, katikati ya watoto wa Contrôleur. Kwa muda alikuwa ametulia, mikono magotini, kama mtu aliye kanisani. Kisha Contrôleur akanitega, nikaanguka, akanikalia, na kijana wa kwaya alipopiga magoti kuhesabu, Contrôleur akaweka miguu yote miwili juu ya kamba ili uzito uwe mkubwa. Ni wizi wa zamani kabisa, kila mwamuzi hutakiwa asiuone.

"Arbitre!" Sauti hiyo niliijua. "Arbitre! Miguu! Angalia miguu yake! Iko mu kamba! Mwizi! Nimeona!"

Moja, akasema kijana wa kwaya.

Ningeweza kuinua bega kwenye mbili, ndivyo tulivyopanga. Lakini kutoka pale chini nilikuwa namwona vizuri. Alikuwa amepanda juu ya kiti, kikwembe kimelegea, kidole kimenyooka, analia na kucheka na kupiga kelele kwamba ameona, ameona kabisa, yote, na watoto wa Contrôleur na watu wengine wa safu ya mbele walikuwa wamemkumbatia miguu asianguke. Nikabaki nimelala, nikitazama, mpaka tatu.